Kuku Alitembea Kwanza

Hapa Goma, mutoto akirudishwa nyumbani amebebwa na muguu umevunjika, majirani wanauliza kitu kimoja tu: ni bombe ao ni pikipiki? Kwa mujukuu wangu haikuwa bombe wala pikipiki. Ilikuwa fimbo, na ile fimbo niliichonga mimi.

Nitaeleza vile ilikuwa, juu watu wameongea mengi na mengine wameyatia chumvi.

Kazi yangu ni kuchonga chukudu. Asiyeijua, ni ile pikipiki ya mbao isiyo na injini, magurudumu mawili, ambayo wanaume wanatelemsha nayo magunia ya makala ya kupikia na viazi kuja sokoni. Bwana wangu njo alikuwa muchongaji. Alipokufa aliniachia tezo, misumeno miwili, na mbao za mukaratusi zimepangwa nyuma ya nyumba zikikauka. Nilipoanza kuchonga mwenyewe, wanaume walikuja kusimama mulangoni. "Mama, unachonga chukudu ao unachonga mwiko?" Nilichonga ya kwanza, ikabeba magunia nane bila kulia, wakaenda kucheka kwingine.

Masomo yangu yaliishia kilasi ya tatu, lakini muti naujua. Muti mubichi haufanyiwi kazi. Ukiharakisha, chukudu inapasuka kwenye mutelemko mutu akiwa juu yake, na utaitwa muuaji kwenye kilio chake. Kwa hiyo mbao zangu zinangoja mwaka muzima, na muteja akipiga kelele namuambia aende kwa mwingine.

Mujukuu wangu, msichana, niliishi naye tangu ana miaka mine. Mama yake, binti yangu, aliolewa mara ya pili na muvuvi wa Vitshumbi, na yule bwana mupya hakutaka kulisha mutoto wa mwenzake. Basi akabaki kwangu. Nilimulea na maharagi na fimbo, sikumubembeleza. Hakuwa mutoto wa kulia. Ukimupiga alikuwa anakuangalia tu, mpaka mukono wako mwenyewe unaona haya.

Alipokuwa na miaka kumi na sita alikuja kutoka masomo pamoja na mwalimu wao wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni. Wasichana walimuita antrenere.

"Jambo mama. Wanasema unachonga."

"Nachonga. Unataka chukudu?"

"Nataka hii."

Akanipa fimbo moja. Inafika kiunoni, chini imepinda kama kulabu, nyepesi kama mufupa wa ndege. Alikuwa ameleta nne kutoka Uganda na zingine hakuzipata. Akanieleza kwamba muchezo unaitwa hoki. Wasichana kumi na mumoja upande huu, kumi na mumoja upande ule, kampira kagumu kama jiwe, na hairuhusiwi kukagusa na muguu. Fimbo tu.

"Wasichana ishirini na wawili," nikasema, "kila mumoja na fimbo yake."

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna mutu amekosana na mutu?"

"Hapana, mama."

"Basi nyinyi munatafuta sababu."

Alicheka. Mujukuu wangu hakucheka, alikuwa ameishika ile fimbo kwa mikono miwili, anaipima. Nikaona macho yake. Nikachukua kazi.

Nilitafuta matawi makavu yaliyojipinda yenyewe, juu muti uliojipinda wenyewe hauvunjiki. Nilichonga fimbo kumi na nane, za kugawa pande zote mbili, na juu ya kila moja nikakata mikato mitatu, alama ya bwana wangu. Antrenere aliinua moja akakunja uso.

"Mama, ni nzito."

"Zile za Uganda zitavunjika kabla ya mwezi. Hizi zangu zitakuzika."

Nilisema hivyo kwa kujisifu. Nakumbuka mpaka pahali nilikuwa nimesimama.

Kiwanja chao kilikuwa juu ya mawe ya volkano. Waliyavunja na nyundo, wakatandaza changarawe nyeusi juu yake. Ukianguka pale, inakuchuna kama mbuzi. Kila jioni mutoto alirudi na damu kwenye magoti, kwenye viwiko, siku moja jino moja la mbele halimo kinywani, amelileta mukononi limefungwa kwenye kikaratasi. Nilikuwa namuosha na maji ya moto na chumvi. Anakaza meno yaliyobaki, halafu ananiita koko, bibi yake, ananieleza.

"Koko, leo niliingiza tatu."

"Tatu nini?"

"Goli. Ya mwisho nilipiga kutoka pembeni, hata hawakuiona."

Akasimama palepale, na damu inachuruzika, kunionyesha. Kiuno kilianza kugeuka, mabega yakafuata, mikono ikaja mwisho. Nilijua nimeona wapi. Hivyo njo mimi ninavyopiga tezo. Mutoto alikuwa amekaa miaka yote kwenye kona ya kibanda changu, nikifikiri anafanya masomo yake, kumbe alikuwa ananiangalia kiuno.

Mwaka ulipozunguka, antrenere akaja na habari. Masomo moja, shule ya huko Uganda, walitaka wasichana wawili. Watasoma bila kulipa, watalala kule, watacheza. Wenyewe watakuja siku ya Mungu moja, Jumapili, wiki saba mbele, kuwaangalia wakikimbia.

"Mujukuu wako watamuchukua, mama. Mwingine ndiye sijui ni nani. Yeye najua."

Nilimujibu kwamba nimesikia. Alipoondoka nilienda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya mbao. Nilikimbia volkano na bidoni ya maji kichwani. Nilikimbia risasi mara ambazo sihesabu tena. Tulikimbia Rutshuru, tulikimbia Sake, tukarudi, tukakimbia. Katika ukoo wetu hakuna mutu aliyewahi kuondoka pahali juu ameitwa. Wote tuliondoka juu tumefukuzwa. Huyu angekuwa wa kwanza. Nilikaa pale mpaka maharagi yakaungua.

Wiki moja baadaye walicheza na wasichana wa Munigi. Sikuwa nimewahi kuenda kuangalia, juu ya kazi, lakini siku ile nilifunga kibanda. Nilijisemea niende nione hicho kitu kinachomuita mutoto wangu.

Watu walikuwa wamesimama kuzunguka, kelele kama soko.

"Watu wa Goma, leo mutakula changarawe!"

"Nyinyi wa Munigi, hiyo si jembe! Hapa hatulimi viazi!"

"Tutawapanda nyinyi basi!"

Munigi walikuwa na msichana mumoja mukubwa, mikono minene kama yangu, anapiga kampira kama anapasua kuni. Mara mbili alimugusa mujukuu wangu na bega akamutupa chini. Mara mbili wangu aliamuka, akapangusa kiganja kwenye sketi, akarudi palepale. Nilipenda vile. Ya tatu, kampira kalikuwa katikati yao. Yule mukubwa akainua fimbo mpaka nyuma ya kichwa. Wangu akakavuta kampira kando na fimbo yake, haraka, kama mutu anavyomunyang'anya mutoto kisu. Lakini ile fimbo ingine ilikuwa imekwisha kushuka na haikuwa na pa kuenda.

Nilisikia kutoka pembeni ya kiwanja. Najua mulio huo. Ni tawi.

Alikaa chini. Muguu wake wa kuume ulikuwa na goti pahali pake, halafu chini ya goti ulikuwa kama unataka kuweka goti ingine. Hakulia. Aliuangalia kama kitu cha mutu mwingine.

Mimi sikuenda kwake. Hiyo naisema juu ni kweli. Nilienda kwa yule wa Munigi. Nilimunyang'anya fimbo mukononi na nikamupiga. Nilimupiga mugongo, nikamupiga bega, alipogeuka kukimbia nikamupiga nyuma ya mapaja. Alikuwa analia, "Mama, sikutaka! Mama, sikutaka!" Muamuzi akakimbia akanipigia filimbi, mimi, kama muchezaji. Watu wengine wakacheka. Mwanamuke mumoja akasema kwa nguvu, "Huyo koko apewe nambari mugongoni!" Ilihitaji watu watatu kunishika, na hata hapo niliacha juu mukono ulikuwa umechoka.

Ndipo nikaangalia kile nilichoshika. Juu palikuwa na mikato mitatu.

Antrenere akamupeleka mutoto hospitali kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemukumbatia, muguu umefungwa na mabanzi mawili na mukanda wangu wa kiuno. Muganga alikuwa mwanamuke kijana, sauti ndogo. Alitupigia picha ya mufupa, akaiweka kwenye mwanga.

"Umevunjika pahali pamoja na haujahama," akasema. "Mufupa muzuri. Ana bahati."

"Wiki ngapi?"

"Miezi mitatu kwenye chokaa. Halafu kutembea polepole. Mambo ya kucheza tutaongea mwakani."

"Tuko na wiki sita."

"Mama, miezi mitatu."

"Wewe hunisikii. Watu wanakuja kumuona kisha wiki sita."

Akaniangalia bila hasira. "Mama, mufupa haujui nani anakuja."

Wakamufunga na ile chokaa yao nyeupe inayokauka kama jiwe, tukarudi nyumbani. Siku tatu nilizunguka nyumba. Ya ine nilichukua musumeno mudogo wa bwana wangu, nikamukalisha mutoto kwenye benchi la kuchongea, nikamuambia asitikisike.

"Koko, unafanya nini?"

"Tunaenda kwa muunga mifupa."

"Koko, muganga alisema—"

"Muganga amezaa watoto wangapi? Kaa."

Nilikata ile chokaa kutoka juu kuja chini. Unga mweupe uliruka mpaka kwenye nyusi zetu. Alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili na kila musumeno ulipopita alisema neno moja tu, "Utanikata. Utanikata. Utanikata." Sikumukata. Mukono wangu haukosei pahali pa kusimama.

Muunga alikaa kupita Munigi, kwenye barabara ya Rutshuru. Muzee mufupi, vidole gumba vipana kama kijiko. Zamani kule Masisi alikuwa anaunga ng'ombe, halafu watu wakaona ng'ombe wanatembea, wakamuletea na watu. Mutu yeyote wa kwetu anayeenda kwa muunga anajua asiende bila kuku. Mimi nilibeba kuku wangu jike, mwekundu, ndiyo kwanza ameanza kutaga.

Muzee alimushika kuku, akamutafuta muguu wa kuume, akaupima na kidole kulinganisha na muguu wa mutoto. Halafu akauvunja, palepale, chini kidogo ya goti. Kuku alilia mara moja kisha akanyamaza, kinywa wazi. Akapasua kitambaa kimoja katikati. Kipande kimoja akafunga kuku na vijiti viwili, kipande kingine akakiweka kwenye paja lake kikingoja.

"Mushike," akaniambia.

Nilimukalia mutoto juu ya kifua. Muzee akapaka siagi ya ng'ombe, akaanza kutafuta pahali mufupa umekatika, na vile vidole. Alivuta. Alikandamiza. Alivuta tena. Mutoto ambaye hakulia siku ya kuvunjika, siku ile alilia mpaka sauti ikakatika, halafu akaendelea kulia bila sauti, na hiyo njo mbaya zaidi. Aliniuma hapa, juu ya kiwiko. Alama iko. Sikuondoa mukono. Nilijisemea, aume, ajisikie ana meno, kesho atacheza.

Muzee alipomaliza kufunga alikuwa ameloa jasho.

"Kuku akitembea, mutoto atatembea," akasema. "Lakini sikiliza, mama. Siku kuku anasimama, unirudishie mutoto kwanza. Nimushike na mikono hii ndipo nifungue. Umesikia?"

"Nimesikia, muzee."

"Na huyo kuku haliwi. Azeeke, afe mwenyewe. Ukimula, umekula muguu wa mutoto."

Njiani, kwenye pikipiki, mutoto katikati na kuku kwenye kikapu kwangu mugongoni, akasema kitu cha kwanza tangu asubuhi.

"Koko, kuku si mimi."

Nilimuzaba kofi la shingo kutoka nyuma. Mutu wa pikipiki akatikisika, akasema, "Mama, nyinyi mutatuangusha wote."

Wiki zile nilimulinda kuku kuliko mutoto. Naona haya kusema, lakini ilikuwa hivyo. Nilimuwekea majivu ya moto chini ya kikapu, nilimupa mahindi yaliyosagwa, nilifukuza jogoo asimukaribie. Kila asubuhi nilimutoa nikamusimamisha. Mutoto alikuwa kitandani akiangalia kwa mulango.

"Huyo mugonjwa wako ameamukaje?" alikuwa ananiuliza.

"Ameweka kidole chini."

"Mupe na chai."

Wiki ya tatu, kuku alisimama. Siku mbili kisha, akatembea. Alichechemea kidogo, halafu akaona panzi, akasahau kuchechemea.

Nilitaka kumurudisha mutoto kwa muzee, Mungu anajua. Lakini juma lile barabara ya juu ilifungwa. Tulisikia silaha nzito kutoka upande ule tangu asubuhi mpaka jioni, watu wanatelemka na magodoro, hakuna pikipiki ingekubali kupanda. Nilingoja wiki moja ingine. Barabara haikufunguka. Siku ya watu wa Uganda ilibaki wiki mbili.

Basi nilikaa nikafikiri. Muzee alisema nini? Alisema kuku akitembea, mutoto atatembea. Kuku anatembea. Yale maneno mengine, ya kumurudisha kwanza, niliyasukuma pembeni ya sahani, kama miiba ya samaki. Nikafungua kitambaa mwenyewe.

Muguu ulikuwa mwembamba, rangi ya majivu. "Simama," nikamuambia. Akasimama. "Tembea." Akatembea mpaka kwenye mbao, akarudi.

"Unaumwa?"

"Kidogo."

"Kidogo si kitu."

Siku tatu nilimutembeza. Ya ine nilitoa fimbo mbili, yake na ingine, na kampira. Uwanja wangu wa nyuma ni mawe yaleyale, nilikuwa nimeufagia.

"Koko, bado."

"Kuku anakimbia."

"Koko, nakuomba. Bado nausikia mufupa ndani. Unasema."

"Unasema nini?"

"Sijui. Unasema bado."

Nikainua fimbo yangu. "Chagua. Upige kampira ao nikupige wewe. Wale watu hawatakuuliza mufupa wako unasema nini. Watakuambia kimbia!"

Nilimusukumia kampira. Akakapiga. Vizuri. Nikasukuma kengine, akakapiga vizuri tena, na nikaona midomo yake imeanza kufunguka kidogo, kama mutu anayekumbuka jina. Nikafurahi. Kwa ile furaha yangu, ka tatu nilikapiga mbali, upande wa kushoto, ili akakimbilie. Na alikakimbilia. Hatua tatu. Akaweka muguu wa kuume chini ili ageuze kiuno.

Safari hii ulitoka nje. Mufupa ulitoboa ngozi nikauona mweupe, halafu damu ikaja ikaufunika. Alianguka na uso kwenye mawe. Sauti aliyoitoa, majirani walikimbia wakifikiri bombe limeingia kwangu. Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo mukononi. Kuku alipita katikati yetu, anakimbia kwa miguu yote miwili, ameogopa kelele.

Muganga alikuwa yuleyule. Alifanya kazi yake kwanza, karibu muchana muzima, ndipo akanitokea.

"Ulikuwa umeanza kuungana," akasema. "Vizuri. Nani alitoa chokaa yangu?"

"Mimi."

"Nani alimukimbiza?"

"Mimi."

Nilingoja anitukane. Ningepata nafuu. Alinawa mikono tu, akaondoka.

Waliweka chuma ndani. Kidonda kikaoza, wakafungua, wakasafisha, wakafunga. Kikaoza tena, wakafungua tena. Nililala chini ya kitanda chake miezi miwili. Harufu yake siwezi kuwaeleza. Muguu ulipona mufupi kwa vidole viwili kuliko mwenzake, na goti halikunji mpaka mwisho. Mara nyingi nikiwa chini ya kile kitanda nilifikiria mbao zangu. Muti nauogopa, naungojea mwaka muzima bila kuuliza. Mutoto wangu wa nyama sikumungojea.

Alirudi nyumbani na fimbo ya kutembelea. Hakuna mutu aliyemuchongea, alichukua moja ya zile zangu, akaigeuza, kulabu juu. Alikuwa anakaa kwenye kona ileile ya kibanda akipaka mafuta mikono ya chukudu. Aliongea na mimi ya lazima: chumvi, maji, ndiyo, hapana. Sikumuomba samahani. Sikujua inaanziaje. Kwetu mukubwa anamupa mutoto nyama kubwa, mutoto anaelewa. Nilimupa nyama kubwa. Aliirudisha kwenye sufuria.

Siku moja, jua liko juu, mutu akagonga mulango wa uwanja asiingie. Alikuwa yule msichana mukubwa wa Munigi.

"Koko," akasema, bado yuko nje, "hutanipiga?"

"Ingia."

Aliingia akipita mbali na mimi, kama mutu anayepita karibu na ng'ombe asiyemujua. Alikuwa amevaa viatu vipya. Kumbe wale watu wa Uganda walikuja kweli, walimuchukua yeye. Kesho yake anaondoka.

Wakakaa kwenye mbao, wawili. Niliendelea na tezo lakini nilisikia.

"Nilikuja kukuaga."

"Vizuri."

"Sikutaka, unajua."

"Najua. Wewe ulivunja moja. Koko alivunja ya pili."

Yule wa Munigi akaniangalia haraka, akaangalia viatu vyake. Mujukuu wangu akaenda chumbani akichechemea, akarudi na fimbo yake ya Uganda, ile nyepesi ambayo antrenere alimupa ikawa yake. Akamuwekea juu ya magoti.

"Usiinue mpaka nyuma ya kichwa," akamuambia. "Kule watakufukuza. Anza na kiuno. Mikono mwisho."

"Nioneshe."

"Siwezi. Muangalie koko. Koko, piga tezo."

Nilipiga tezo. Wakaangalia kiuno changu, wote wawili, hakuna anayecheka. Nilichonga kile kipande mpaka kikaisha, juu sikujua ni wakati gani wa kuacha.

Msichana alipoondoka, mujukuu alibaki amesimama mulangoni muda. Halafu akarudi katikati ya uwanja. Kuku mwekundu alikuwa pale, anachokora vumbi la mbao. Mutoto aliigeuza fimbo yake ya kutembelea, kulabu chini, akaweka uzito wote kwenye muguu wa kushoto. Kiuno kikageuka, mabega, mikono mwisho.

Ilikuwa pigo zuri. Sijaona ingine kama ile. Kuku aligonga ukuta wa kibanda na kuanguka amekwisha kufa.

Mutoto akamuokota. Alichemusha maji, akamunyonyoa, akamukata, akawasha makala. Alitia kitunguu, akatia nyanya, hakuharakisha kitu. Alipoiva aliniletea sahani moja, akaketi mbele yangu, muguu mufupi umenyooka kati yetu. Yeye hakujiwekea.

"Kula, koko."

"Muzee alisema—"

"Najua alisema nini. Kula."

Nikala. Nyama ilikuwa ngumu, ya kuku aliyeishi vizuri. Nilikula kifua, nikala bawa. Alikuwa ananiangalia vile alivyokuwa ananiangalia akiwa mudogo, nikimupiga. Nikafika kwenye muguu wa kuume. Nikauguguna mpaka ukabaki mweupe, na katikati nikaona kale kafundo, pahali muzee alivunja. Nilipitisha kidole gumba juu yake, kama ninavyopitisha kwenye muti nikitafuta ufa.

"Uliungana?" akauliza.

"Uliungana."

"Vizuri?"

Nilitaka kusema uongo. Nilimupa mufupa aushike mwenyewe.

"Vizuri kabisa," nikasema.